Siku Nilipolala Juu ya Karafuu za Bi Time

Raya mwanangu,

Asalamu alaykum. Salamu hii haina safari ndefu: kutoka hapa barazani nilipokaa hadi kitandani kwako ni hatua tisa, nimezihesabu. Najua utashangaa baba yako kukuandikia barua na hali tunakula sinia moja. Naandika baada ya sala ya Alasiri, weye umekwenda kisiwani Fundo kuagana na shangazi zako, na Magharibi utakuwa umerudi. Barua nitaitia ndani ya helmeti mpya utakayoikuta juu ya begi lako. Ndiyo, mpya. Soma kwanza, kisha ndo uulize.

Nimechagua kalamu kwa sababu mdomo wangu naujua. Ukifunguka tu unajisifu wenyewe, mie nabaki kuufuata nyuma. Kalamu ni kitu chengine. Mie kusoma nimesomea chuo cha Kurani, alifu na be, na hizi herufi za skuli nimejifundisha ukubwani kwa kuyachungulia madaftari yako ulipokuwa umelala. Mstari mmoja unanimalizia kikombe kizima cha kahawa. Mtu akiandika polepole hivi, uongo unachoka njiani.

Mambo ya kula, ya kufunga mlango, ya kutoazimisha nguo zako, mama yako ameshayasema tangu mwezi uliopita, na kesho bandarini atayasema tena. Hayo simo. Mie nina jambo moja, nalo ni langu mwenyewe.

Ijumaa, tulipomaliza kukusomea dua ya safari, uliniona nilivyosimama mbele ya watu na helmeti yangu mkononi. Nikasema, na sauti nikaipandisha ili na walioko nje wasikie: “Hii imekaa kichwani kwangu miaka kumi na minne na haijaonja ardhi hata siku moja. Namkabidhi mwanangu, akapandie pikipiki ya kazi huko Bara, akahudumie ng’ombe wa watu.” Watu wakasema mashaallah. Weye ukalia. Bi Time, jirani yetu wa pale njia panda, akakohoa. Alikohoa mpaka mama yako akamletea maji. Weye ulidhani kapaliwa na halua. Hakupaliwa.

Helmeti ile usende nayo, Raya. Ilikwisha kazi ulipokuwa darasa la tatu, na aliyeimaliza ni mie.

Haya, nimeandika. Nimeinuka nikatembea mpaka kisimani nikarudi. Mbingu ipo palepale.

Sasa usije ukaniona nimekuwa mnyonge. Mengi niliyojisifia ni kweli. Ni mie niliyekuwa wa kwanza Kiuyu nzima kubeba abiria kwa pikipiki, hawa vijana wote unaowaona kijiweni wamenikuta. Niliwahi kubeba kabati la vyombo pamoja na mwenye kabati, kutoka Wete mpaka hapa, na hapana kikombe kilichovunjika. Muulize yeyote unayemtaka. Na ile helmeti nayo ilikuwa kitu, wallahi ilikuwa kitu. Binamu yako Nasoro, mtoto wa dada yangu aliyeko Maskati, ndiye aliyenishukia nayo, imefungwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa kama msahafu.

“Mjomba,” ananambia, “hizi wanavaa watu wanaovuka jangwa kwa pikipiki, wiki mbili hawaoni nyumba.”

“Na hapa Pemba jangwa liko wapi?”

“Jangwa lako barabara ya Konde, mjomba.”

Ilikuwa na kibaraza mbele cha kukinga jua, na kioo kipana unaona kulia na kushoto bila kugeuza shingo, na matundu kidevuni na utosini ya kupitisha upepo. Mkanda wake ulifungwa kwa pete mbili, unapenyeza huku unarudisha huku. Siku ya kwanza nilijifunga mwenyewe, nikashindwa kujifungua, na Nasoro kaenda zake Chake. Mama yako alinilisha ndizi ya kupika kupitia kiooni. Weye ulikuwa darasa la pili, ulicheka mpaka ukakaa chini.

Miaka yote ile haikupauka rangi. Magodoro yake ya ndani yanavuliwa, na mama yako aliyafua kila Alhamisi kwa sabuni ya kipande akayaanika kwenye kamba moja na kofia zangu, tayari kwa Ijumaa. Masika moja nilipolala na homa, nyigu walijenga kwenye tundu la kidevuni, nikawatoa kwa moshi wa makumbi ya nazi na ikaendelea na kazi. Kioo ndicho kilichonisumbua mwisho. Vumbi lilikikwaruza hata taa za magari nikaziona zimeota miiba.

Lakini ilikuja na tatizo moja ambalo hao watu wa jangwani hawalijui. Jangwani huna wa kumwitikia salamu. Hapa petu, kutoka nyumbani mpaka Wete, kila mwenye baraza anakusalimu na kila aliye njiani unamsalimu. Mie nimo ndani ya ile ngoma, sisikii. Haikufika mwezi, maneno yakaanza. “Kombo siku hizi haitikii. Kavaa kiburi cha Maskati.” Mtu mwenye makamo yangu alinambia msikitini, usoni pangu. Iliniuma, Raya. Nikasema basi, hawataninena. Nikajizoesha: nikiona mtu kwa mbali, mkono wa kushoto unaachia usukani, unanyanyua kioo, naitikia, nakirudisha. Mpaka nifike Wete bega lawaka moto. Lakini kiburi hawakukisema tena.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Unajua unavyokuwa, watu wameanika kila pahala, uwani, uwanja wa mpira, mpaka ukingoni mwa lami. Nilikupeleka skuli asubuhi kama kawaida yetu. Weye nyuma, mikono yako kiunoni mwangu, kichwani una ushungi wako mweupe na hapana kitu chengine. Ulishuka, ukanibusu mkono, ukakimbia. Mie nikageuza.

Pale njia panda Bi Time amekaa kwenye kibao, anageuza karafuu zake juu ya jamvi, na jamvi limeingia barabarani kiasi cha hatua mbili. Aliniona kabla sijamwona. Akapaza sauti: “Kombo we! Hata salamu huna leo?”

Mkono ukaachia usukani. Kabla kioo hakijanyanyuka vizuri, mpira wa mbele ushapanda jamvini. Karafuu nusu kavu, mwanangu, ni kama shanga. Pikipiki ikaenda kwake na mie nikaenda kwangu. Pembeni ya jamvi pana jiwe aliloliweka ili jamvi lisipeperuke na upepo, jiwe la matumbawe, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Lilinipiga hapa, juu ya sikio la kushoto. Nikasikia ko! kama mlango wa duka unaofungwa.

Nilipopata sauti, unajua nilisema nini? “Bi Time, sijaanguka.”

“Najua,” kasema. “Umelala juu ya karafuu zangu. Amka basi, zisije zikanuka jasho.”

Kisha akaona siamki. Akaja, akaufungua ule mkanda wa pete mbili mara moja tu, bila kufundishwa, akanivua na kunipapasa kichwa. Hapana damu, hata mchubuko hapana. Bega ndilo lililokuwa limevimba.

“Bi Time, mtu asijue.”

“Asijue nini? Kwamba umelala?”

“Bi Time, nakuomba.”

“Haya. Lakini utazizoa punje moja moja, na mchanga uutoe.”

Nikapiga magoti nikazoa. Nilikuwa nimeshajaza pishi nzima, na akilini nimeshaanza kuitunga hadithi ya kumwambia mama yako, ndipo nikaliona lile jiwe tena. Likanijia kwa ghafla: robo saa nyuma mtoto huyu alikuwa mgongoni kwangu. Nikaona ushungi wako mweupe juu ya lile jiwe. Uliona wapi baba mtu anavaa ganda la wavuka jangwa, na mtoto kavaa kitambaa? Sikuweza kuzoa tena. Bi Time hakucheka. Alizimaliza mwenyewe, na mie nikakaa pale pale barabarani kama gunia.

Asubuhi ya pili ulisimama kando ya pikipiki na begi lako mgongoni. Nikakwambia, “Nenda kwa miguu, wenzio wote wanakwenda kwa miguu.” Ulidhani mzaha. Ulingoja mpaka nikaondoka peke yangu. Toka siku ile sikukupakia tena, mvua wala jua, na sikukueleza. Ulipofika kidato cha pili uliniuliza, nakumbuka ulikuwa unachambua mchele, hukunitazama: “Baba, darasa la tatu nilikukosea nini?” Mie nikakujibu, “Pikipiki yangu wanapanda abiria.” Nikatoka nikifunga kilemba. Nilipofika njiani nikalijutia neno lile, na kulirudia kulirekebisha nikaona haya. Miaka imepita, na ninajua bado limo ndani yako, kwa sababu mpaka leo ukitaka kwenda Wete unatembea mpaka njia kuu kungoja gari na pikipiki yangu iko uwani.

Hukunikosea kitu, Raya. Niliogopa.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angekwenda Chake akanunua helmeti ndogo, akakuvika, mambo yakaisha. Hata mie nililijua hilo. Nilifika mpaka mlangoni mwa duka, nikaiona, nyekundu, imetundikwa. Nikarudi. Kwa kuwa kukununulia weye helmeti ni kuwaambia watu Kombo anaweza kuanguka, na mie nilikuwa nimeshawaambia Kiuyu nzima kwamba Kombo haanguki. Nikaona bora miguu yako ichoke kuliko jina langu. Hilo ndo kosa langu. Kule kuanguka hakukuwa kosa, kila mwenye pikipiki anaanguka, ila weye usiwaambie kwamba nimesema.

Na ulipotaka kujifunza kuendesha nikakupigia kelele, “Mwanamke hapandi pikipiki!” Hiyo nayo ilikuwa mdomo. Sikuwa na neno na wanawake. Ni lile jiwe. Ukaenda kwa Seif, fundi wa kijiweni, akakufundisha kwa siri, na uliporudi siku ile ukiwa mbele na yeye nyuma nilinuna wiki mbili. Lakini nilikuona ulivyoikata kona ya msikitini. Uliikata vizuri. Nilitaka kukwambia, nikanywa kahawa badala yake.

Seif huyohuyo, miaka mitatu nyuma, nilimpa ile helmeti anibadilishie kioo. Akayavua magodoro, akaingiza kidole ndani, akabonyeza lile boya jeupe, jepesi kama la nyavu, lililogandana na ganda. Akanitazama.

“Mzee, hii iliwahi kupiga chini.”

“Haijapiga.”

“Boya limelala upande huu, limebonyea. Na boya kazi yake ni kulala mara moja, ndo linaposhika kishindo kisifike kichwani. Likishalala haliamki. Hii sasa ni kofia tu, mzee.”

“Weye umezaliwa juzi,” nikamwambia, “hunifundishi kofia.” Nikamnyang’anya. Nikawa napeleka pikipiki mpaka Konde kutengenezwa, ili nisimwone uso. Na ganda lile tupu nikaendelea kulivaa, nikaendelea kulisifia, mpaka Ijumaa nikakukabidhi weye.

Bi Time amekuja asubuhi hii, weye hujafika hata pwani. Hakukaa.

“Kombo, utamwambia weye au nimwambie mie?”

“Nimwambie nini?”

“Usinifanyie hivyo. Nilikunyamazia kwa ajili ya jina lako. Kwa ajili ya kichwa cha mtoto sinyamazi.”

Nikaichukua ile helmeti chumbani kwako, nisamehe kwa kuingia, nikaenda nayo kijiweni kwa Seif. Vijana walikuwa wanne wamekaa. Nikasema mbele yao, “Seif, shika msumeno. Ikate.”

“Mzee una hakika? Ukiifuta vumbi hii ni kama ya jana.”

“Ikate kabla sijageuka, mie najijua.”

Ganda lilikuwa gumu, msumeno ulipiga kelele kama paka, na mie kila ukipita nikahisi unapita kwangu. Ilipofunguka vipande viwili tukatazama. Kote boya nene kama kidole gumba. Juu ya sikio la kushoto limelala kama mkate uliokaliwa, na katikati lina ufa unaingia ukucha. Nikasema, “Seif, ulisema kweli.”

“Sikusikia vizuri, mzee. Hebu rudia.”

Mtoto yule hana adabu hata chembe. Nikarudia. Kisha nikawahadithia yote, jamvi, jiwe, karafuu, na nilipofika pale pa “Bi Time, sijaanguka,” walianguka wao kwa kicheko, na mie nikacheka nao. Raya, sijui nikuandikieje. Kifua kilinifunguka. Miaka yote nilidhani siku watu watakayojua itakuwa siku ya kuhama kijiji, kumbe ni dakika tano za kuchekwa, kisha kikombe cha chai.

Seif ndiye aliyekwenda Wete kukuchagulia hii mpya, kwa kuwa kichwa chako anakijua kipimo, yeye ndiye aliyekuazima yake ulipokuwa unajifunza. Haikutoka Maskati. Haina kibaraza. Lakini boya lake halijalala. Nimebonyeza kila pahala kwa kidole changu. Ikitokea siku ikapiga chini kwa nguvu, hata kama kwa nje haina alama, ikate siku ileile. Usiifute vumbi, usiionee huruma, usimwambie mtu hukuanguka.

Ile nusu moja Seif ameitundika kijiweni, upande wa ndani umetazama nje, ili kila anayeanza kazi aone boya lililolala linavyokuwa. Kaniuliza aandike nini chini yake. Nikamwambia aandike KOMBO, herufi kubwa. Wakijua, wajue vizuri. Nusu ya pili nilirudi nayo nyumbani, nikaiweka uwani nikaenda kunawa, niliporudi kuku wa mama yako ashaingia, kajikunja, na hataki kutoka. Mwache.

Mama yako nilimwambia adhuhuri. Siku ile nilimdanganya kwamba nimeangukiwa na dafu begani, na akanisugua kwa wiki nzima. Leo ananambia, “Dafu gani, bwana? Ulinuka karafuu mpaka masikioni. Nilijua umeanguka. Nilingoja useme.” Tukacheka. Kisha kisu kikasimama juu ya kitunguu. Akauliza, “Na Raya alikuwa wapi?”

“Nilikuwa nimeshamshusha.”

“Zamani?”

“Robo saa.”

Akakaa chini, palepale sakafuni. Baadaye akanishika mkono, jambo asilolifanya mchana. Alhamdulillahi. Nikala, nikalala, nikakoroma, anasema sijakoroma vile tangu weye una meno ya utotoni. Nimeamka mwepesi, ndo nikatafuta kalamu.

Sasa sikiliza, maana kahawa imekwisha. Huko unakokwenda watakusalimu, na ni vizuri, waitikie wote. Lakini mkono usiachie usukani. Punguza mwendo, simama, weka mguu chini, nyanyua kioo, ndipo uitike. Watangoja. Mie miaka yote nilidhani watu hawangoji.

Kesho meli inaondoka Mkoani asubuhi. Mjomba wako anakuja na gari baada ya Alfajiri. Mizigo yako iende na gari, na mama yako akae mbele. Mie pikipiki nimeshaitia mafuta na upepo, na kando yake nimeweka helmeti ya pili, ya bei ndogo, ya kichwa changu. Naomba tufuatane kwa pikipiki weye na mie, kama tulivyokuwa tukienda skuli. Ukikataa, panda gari, sitanuna, na hili nimeliandika kwa kalamu. Ila ukikubali, unakaa mbele weye. Njia ya Mkoani ndefu na barazani watakuwepo watu, watatusalimu kutoka hapa mpaka bandarini. Weye shika usukani kwa mikono miwili, utazame mbele. Salamu zote nitaziitikia mie.

Baba yako,
Kombo